Je, Wajua? Mwali Hauoni Karboni Zote

Ripoti ya maabara ikiandika kwamba mafuta ya nazi yana asilimia 48 ya asidi ya lauriki, wengi huamini wamepewa uzito. Mara nyingi wamepewa ukubwa wa michoro tu. Mashine ya kromatografia ya gesi imechora vilele, maeneo yake yakajumlishwa, kila kimoja kikapewa fungu lake katika mia. Hata nusu ya mafuta ikiachwa chupani, jumla itatimia 100 ileile, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mashine yenyewe ina heshima yake. A. T. James na A. J. P. Martin walipoitangaza njia hii mwaka 1952 huko London, walichotenganisha kilikuwa asidi za mafuta hasa. Siku hizi asidi hizo hugeuzwa kwanza kuwa esta za methili, maana zenyewe huvukizwa kwa shida na hunata njiani. Mvuke husukumwa ndani ya mrija wenye uwazi wa robo milimita, na kila esta hutoka kwa zamu yake.

Ikitoka, huangukia kwenye mwali wa haidrojeni. Karboni zikiungua humo huzaa ioni, mkondo mdogo wa umeme hupita, kilele huchorwa. Lakini ile karboni ya kichwani, iliyoshikana na oksijeni mbili, haitoi ishara yoyote. Kwa esta ya steariki inapotea karboni 1 kati ya 19. Kwa esta ya butiriki, ile ya siagi, ni 1 kati ya 5. Uzito wa oksijeni nao hauhesabiwi. Ndiyo maana kilele cha butiriki huzidishwa kwa takriban 1.54 ili kilingane na cha steariki gramu kwa gramu, na cha lauriki kwa 1.08. Ackman na Sipos waliandika juu ya marekebisho haya tangu 1964. Kuyaruka leo ni uzembe, na nazi yetu, yenye asidi fupi nyingi, ndiyo inayopunjwa.

Dawa ya mafuta yanayopotea njiani ni kutia asidi ngeni iliyopimwa kwa mizani, tena mwanzoni kabisa, kabla ya kugusa kiyeyusho chochote. Ikipotea sehemu yake, na mengine yamepotea vivyo hivyo. Iwe ngeni kweli: yenye karboni 17 hupendwa sana, ilhali mafuta ya ng'ombe tayari yanayo kidogo, na matokeo yatashuka chini ya ukweli. Yenye karboni 19 ni salama zaidi. Mkamuaji wa alizeti Singida au wa mawese Kigoma anayelipia kipimo anastahili gramu, wala asikubali kupewa asilimia tupu.

Kwa njia hiyohiyo hupimwa omega-3 ya dagaa, mafuta ya transi, siagi iliyochakachuliwa, dizeli ya mimea, hata bakteria hutambuliwa kwa asidi za utando wao.