Barua ya Shukrani Baada ya Mahojiano ya Kazi

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, nchini Kenya, mtu aliyefanyiwa ihsani haoni raha kwenda kushukuru mikono mitupu: huchukua jogoo, au mkungu wa ndizi, au kinyago kilichochongwa kwa jiwe la Tabaka, na kwa ada za ujirani hakuna awezaye kumlaumu. Lakini hidaya hiyo hiyo ikipelekwa nyumbani kwa mmoja wa waliomhoji kwa ajili ya kazi, ilhali uamuzi haujatolewa, huingiwa na shaka kubwa, kwani Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humtazama mtoaji kwa jicho lile lile imtazamalo mpokeaji. Kwa hiyo shukrani ya mwombaji kazi, ili ibaki shukrani, yafaa isafiri kwa waraka peke yake.

Waraka huo hauhitaji urefu. Uandikwe siku ile ile ya mahojiano au kesho yake, kabla jopo halijachanganya sura na majina. Utaje cheo kilichoombwa na tarehe. Utoe ahsante kwa wasaa uliotolewa. Kisha, na hapa ndipo waombaji aghalabu hushindwa, utaje jambo moja lililozungumzwa kweli chumbani mle. Aliyehojiwa katika kiwanda cha chai, tuseme Kebirigo au Nyansiongo, akaulizwa namna ya kunyausha majani wakati wa mvua nyingi, na aandike: “Nashukuru kwa swali lenu juu ya majani yaliyolowa, nami nimezidi kuitamani kazi hii baada ya kuona ulipo ugumu wake.” Sentensi hiyo haiwezi kunakiliwa na mwombaji mwingine, na thamani yake yote imo humo. Zile barua zilizofurika taadhima, ambazo ndani yake mwenyekiti huitwa mheshimiwa katika kila mstari na kuombewa umri mrefu, mimi nazihesabu kuwa dua za mhitaji.

Hadhari zaidi yatakiwa mbele ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, iliyowekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, imetaka ajira za umma zifuate ushindani wa haki na ustahiki, na matangazo ya kazi huonya kwamba atakayewaendea wakubwa kujipigia debe ataondolewa. Basi waraka uelekezwe kwa katibu wa bodi, afisini, wala usipelekwe kwa mjumbe mmoja mmoja wala kwenye simu yake, hata akiwa ni shemeji wa ami yako. Na katika kaunti hizi, ambako koo zimeoana kutoka Bobasi hadi Mugirango, si ajabu kumkuta shemeji joponi.

Walimu wanaohojiwa kwa niaba ya Tume ya Huduma za Walimu wana haja ndogo ya waraka huu, kwa kuwa huko vyeti na mwaka wa kuhitimu hupewa alama, na maneno ya shukrani hayana alama.

Na aliyenyimwa kazi? Naye aandike, kwa ufupi ule ule. Akitaka kujua sababu, kifungu cha 47 cha Katiba humpa aliyeguswa haki yake na uamuzi wa kiutawala haki ya kuelezwa sababu hizo kwa maandishi; lakini ombi hilo liwe na waraka wake, siku nyingine, lisichanganywe na shukrani, maana msomaji hatajua kama anashukuriwa ama anashtakiwa.