Je, Wajua? Tope Liache Likauke

Lori dogo la rimoti linalotumia mafuta ya nitro huogopa maji kuliko tope. Oili ya injini yake huchanganywa ndani ya mafuta yenyewe, pamoja na methanoli inayofyonza unyevu wa hewani. Mafuta hayo yakilala ndani, beringi hushika kutu.

Kwa hiyo maliza mafuta, injini ipoe, tope likauke. Ziba ekzosi kwa kitambaa. Piga mswaki mkavu, kisha upepo wa kompresa. Tope la jana hubanduka vipande vipande kama maganda. Filta ya hewa usiiguse bado! Chembe ya mchanga ikipenya kabureta, hukwaruza pistoni na silinda.

Mwisho chomoa plagi, dondoshea oili kidogo kwenye tundu lake, zungusha injini kwa mkono.