Bomba Likikauka Juru, Habari Hupita Wapi?

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie safari ya shauri moja.

Tuseme kuna mama anaishi Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Asubuhi anabeba dumu lake la lita 20, anafika bombani, anafungua koki. Hewa tu. Kesho yake anarudi, hewa tena. Maji mengi ya Nakivale hutoka katika ziwa lenye jina hilohilo: huvutwa kwa pampu, husafishwa kwa dawa, kisha husukumwa kwenye mabomba hadi vijijini. Bomba likikauka, basi, kosa laweza kuwa popote njiani. Pengine koki imekatika, pengine bomba limepasuka chini ya barabara, pengine pampu imezimika kule ziwani. Mama hana namna ya kujua ni lipi. Anachojua ni kwamba watoto hawajaoga na maharage hayajapanda jikoni.

Zamani angemwendea mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti angemsimamisha mfanyakazi wa shirika anayepita na pikipiki. Yule naye angeandika kwenye daftari, daftari lingefika ofisini Base Camp, humohumo Nakivale, na kama jambo ni zito, barua ingepanda gari hadi mji wa Mbarara, mwendo wa kama kilomita 60. Wote hao wanaweza kuwa watu wema kabisa, na bado habari ikapotea: mmoja aliugua, mwingine alihamishwa, wa tatu alidhani mwenzake ameshalishughulikia. Kumbukeni pia kwamba Nakivale ni pakubwa na pa siku nyingi. Palianza mwaka 1958, pakatambuliwa rasmi mwaka 1960, Wanyarwanda wakawa wa kwanza kupokelewa kwa wingi. Leo wapo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, na mashirika yanayowahudumia ni mengi: hili lina maji, lile lina shule, jingine lina zahanati. Mtu aliyefika mwezi jana kutoka Kivu, Kongo, atajuaje mlango upi wa kubisha?

Mwaka 2018 mambo yalianza kubadilika. Mwaka huo ukaanzishwa mfumo wa pamoja wa kupokea maoni na malalamiko, kuyafikisha panapohusika na kuyatatua. Wafanyakazi wanauita FRRM. Mlango wake mkuu ni namba moja ya simu isiyotozwa hela: 0800 323232. Wanaopokea wanazungumza lugha za wakimbizi, Kiswahili kikiwemo.

Turudi kwa mama yetu. Anapiga.

“Jambo mama, karibu.”

“Jambo mwanangu. Maji yamekatika huku kwetu Juru, ni siku ya pili.”

Mpokeaji anauliza kijiji, bomba lipi, tangu lini, kama majirani nao wamekosa. Anayaandika kwenye kompyuta, na hapo malalamiko yanapata mwili: yana namba, tarehe, mahali na aina. Katika ofisi zinazohudumia watumiaji wa kompyuta kitu hiki huitwa tiketi. Kama jawabu ni maelezo tu, kwa mfano siku ya ugawaji wa chakula, mpokeaji anajibu palepale na tiketi inafungwa. Hili la maji halijibiki kwa maneno. Linapelekwa kwa mtu maalumu wa shirika la maji, yule aliyeteuliwa kupokea mashauri ya Nakivale, na majibu yake yanatarajiwa kurudi hadi kwa aliyepiga simu.

Sasa nataka muelewe kinachoweza kusukuma shauri namna hiyo bila kulidondosha njiani. Kuna programu zilizoundwa kwa kazi hiyo, programu za kuratibu michakato. Haziwezi kuziba bomba. Kazi yake ni kujua zamu. Mmewahi kuona foleni ya madumu pale bombani, na mtu mmoja anayeisimamia, asiyechota kwa niaba ya yeyote, lakini akijua dumu lipi ni la nani na nani anafuata? Ndiyo kazi yenyewe.

Kabla programu haijaanza, lazima watu wakae wachore njia. Upo uchoraji unaotumika dunia nzima, BPMN, ambao toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011. Duara ni mwanzo au mwisho. Kisanduku ni kazi ya kufanya. Almasi ni njia panda: je, ni bomba moja au kijiji kizima? Kama ni bomba moja, fundi wa karibu atumwe na spana yake. Kama ni kijiji kizima, swali liende kwa wanaosimamia pampu. Pembeni ya kisanduku huchorwa saa: muda uliopangwa ukipita bila jibu, ujumbe unapanda kwa mkubwa wa fundi, na ukipita tena, unapanda zaidi, pengine hadi ofisi ya Mbarara. Kompyuta inausoma mchoro huo na kuufuata hatua kwa hatua, usiku na mchana, hata aliyeuchora akiwa likizo.

Njia hii ilikomaa kwanza katika idara za kompyuta zenyewe. Miaka ya 1980 serikali ya Uingereza ilianza kukusanya kanuni za kuhudumia watumiaji wa kompyuta katika vitabu vinavyoitwa ITIL, na hadi leo dawati la msaada katika benki, hospitali au chuo kikuu huzifuata. Aliyesahau nywila hufunguliwa na mashine bila kumsubiri mtu. Hilo ni jepesi. Gumu, na kwangu ndilo kubwa, ni siku mfanyakazi anapoondoka.

Fikirini ofisi inayotunza kumbukumbu za wakimbizi: majina, picha, alama za vidole vya hata mtoto wa miaka 5, na sababu zilizomfanya mtu akimbie nchi yake. Mfanyakazi anahamishwa Ijumaa. Barua pepe yake inasimamiwa na mtu mmoja, ruhusa yake ya kufungua kumbukumbu na mwingine, kompyuta yake ya mkononi na wa tatu. Mmoja akisahau, mlango unabaki wazi, na nyuma ya mlango huo yamo maisha ya watu wanaotafutwa. Programu ya uratibu ikipewa taarifa moja tu, kwamba fulani anaondoka, huamsha hatua zote tatu kwa mpigo na haikubali kufunga shauri mpaka zote zijibu. Hapa siyumbi: kazi hii mashine iachiwe.

Lakini yapo mambo ya kuizuia mashine. Msichana akipiga simu kusema amepigwa au amebakwa, sauti yake isikilizwe na mtu aliyefunzwa, na maneno yake yasomwe na wachache tu wanaohitajika. Mchoro mzuri una njia yake ya pembeni kwa mashauri ya aina hiyo, fupi na yenye kufuli. Kuyatupa kwenye foleni moja na mabomba ni ukatili, hata kama takwimu za mwezi zitapendeza.

Na lipo jambo ambalo michoro mingi hukosea: hufunga shauri fundi anapobonyeza “imekwisha”. Fundi anaweza kubonyeza akiwa bado njiani. Kisanduku cha mwisho kabla ya duara kiwe simu ya kurudi kwa mama wa Juru, aulizwe kama maji yanatoka. Akisema hapana, shauri lirudi nyuma, na saa ianze kuhesabu upya.

Mbarara kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989, na kompyuta hufundishwa pale. Baadhi yenu mtafika huko, na kazi ya kuchora njia hizi itawaangukia. Kiwekeni kisanduku hicho cha mwisho. Na kwa sasa, mkimpigia mama yenu 0800 323232, msikate simu kabla ya kuuliza shauri limesajiliwa kwa namba gani na limepelekwa kwa nani. Jibu liandikeni kwenye daftari, na tarehe yake.