Gemu si ya Vijana Peke Yao

Mama msikilizaji wa Ganjoni, huenda umestaajabu kumkuta bibi au mjomba ameinamia gemu kwenye simu. Usimcheke. Kucheza kwa kiasi si ugonjwa.

Uraibu wa gemu umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Dalili zake: kushindwa kujizuia, kutanguliza gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea hata ukimdhuru, kwa kawaida kwa miezi 12. Akiwa hivyo, mpeleke kwa daktari.

Ukimwachia mtoto, mwambie kwa heshima: “Bibi, mtoto kwanza, gemu baadaye.” Mtoto mdogo huweza kuzama kimya kimya ndani ya ndoo ya maji, mlezi akiwa hatua chache tu.