Baiskeli kuukuu yafaa kukaguliwa kabla ya kupakwa rangi

KATIKA mji wa Webuye na vijiji vinavyouzunguka, baiskeli kuukuu haitupwi ovyo. Huvuliwa kila kifaa hadi ikabaki fremu tupu, kisha ikaundwa upya uani kwa msaada wa fundi wa juakali.

Siri ya uhai huo ni chuma. Baiskeli nzito zenye magurudumu ya inchi 28, maarufu kama Black Mamba, zina fremu ya chuma ambayo fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kuiunga. Fremu ya aluminiamu huhitaji mashine na ujuzi maalumu.

Ufundi huo una historia ndefu magharibi mwa Kenya. Ni kwa baiskeli za aina hiyo ambapo waendeshaji wa mpakani na Uganda walianza kuvusha abiria na mizigo katika miaka ya 1960, likazaliwa jina 'boda boda'. Keria iligeuzwa kiti kwa kuwekewa mto wa sponji, na vyuma vya kukanyagia vikaongezwa karibu na gurudumu la nyuma.

Pikipiki zimewachukua wengi wa abiria hao, hasa baada ya serikali kuziondolea zile ndogo ushuru wa VAT mwaka wa 2008. Hata hivyo, baiskeli bado hubeba maji, mkaa, maziwa na nyasi za ng'ombe. Kwa mji ulioshuhudia kiwanda chake cha karatasi, Pan Paper, kikifungwa mwaka wa 2009, chombo cha kazi kisichohitaji petroli si jambo dogo.

Lakini chombo hicho chaweza kuua kikitengenezwa vibaya. Mitungi minne ya maji ya lita 20 ina uzani wa kilo 80, sawa na mtu mzima. Uzani huo hulemea keria, spoki za nyuma na breki.

Kwa hivyo, kazi ianze kwa kukwangua kutu na kutafuta nyufa, hasa pale usukani unapoingia kwenye fremu na pale pedali zinapofungwa. Ufa uchomelewe, usifunikwe kwa rangi.

Kisha gololi zilizolika zibadilishwe na kutiwa grisi mpya. Spoki zikazwe kwa usawa ili gurudumu lisiyumbe, na mnyororo uliolegea au meno yaliyochongoka yaondolewe.

Breki ndizo muhimu zaidi. Raba zilizokwisha hazizuii mzigo kwenye mteremko, na barabara kuu ya kuelekea Malaba inayopitia Webuye hujaa malori. Baiskeli ijaribiwe kwanza bila mzigo, kisha kwa mzigo mdogo, mbali na barabara hiyo.

Rangi, kengele na mapambo ni kazi ya mwisho. Baiskeli yenye kung'aa isiyoweza kusimama ni hatari kwa mwenyewe na kwa wapita njia.