Clare: jina la ukoo wa Uingereza lililofika hadi Malabo

Mji wa Malabo, kwenye kisiwa cha Bioko nchini Guinea ya Ikweta, zamani uliitwa Port Clarence. Mzizi wa jina hilo uko Clare, mji mdogo wa mashariki mwa Uingereza.

Mwaka wa 1066, Wanormandi walitoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Mfalme mpya, William, aligawia watu wake ardhi. Richard fitz Gilbert alipata sehemu kubwa, Clare ikiwa ndani yake. Wazao wake wakachukua jina la mahali hapo: de Clare, maana yake "wa Clare". Kilima cha ngome yao kingali kinaonekana.

Mmoja wao, Richard de Clare, aliyejulikana kama Strongbow, alivuka bahari mwaka wa 1170 na kwenda kupigana Ireland. Huko alimuoa Aoife, binti wa mfalme wa Leinster. Lakini si kila Clare ni ya ukoo huu: jina la jimbo la Clare, Ireland, huelezwa kuwa limetokana na neno la Kiirishi lenye maana ya ubao.

Mwaka wa 1314, Gilbert de Clare aliuawa katika vita vya Bannockburn, Waskoti walipowashinda Waingereza. Alikuwa kijana, na hakuacha mtoto. Mali yake kubwa ikagawanywa kwa dada zake watatu.

Hapo jina lingeweza kupotea. Wanawake ndio waliolibeba. Elizabeth de Clare, mdogo wa dada hao, alitoa mali yake kusaidia chuo kimoja cha Cambridge, na tangu mwaka wa 1338 kinaitwa Clare. Mjukuu wake aliolewa na Lionel, mtoto wa Mfalme Edward III. Mwaka wa 1362, Lionel akapewa cheo cha Duke wa Clarence, neno lililotoka Clare.

Cheo hicho kilipewa wana wengine wa wafalme. Mwaka wa 1827, Waingereza walipofungua kituo Bioko cha kupambana na meli za watumwa, walikiita kwa heshima ya Duke wa Clarence wa wakati ule. Wahispania wakaja kuuita mji huo Santa Isabel.

Wenye kisiwa hawakuulizwa mara zote mbili. Ni mwaka wa 1973 tu mji ulipopewa jina Malabo, la mfalme wa Wabubi, wenyeji wa Bioko.