Msafiri Aliyeharibikiwa Mlangoni Petu

Alhamdulillah, hata safari fupi zina neema zake. Jumamosi moja mimi, mke wangu na watoto wetu watatu tulitoka Kibaha kwenda Kisarawe kuhudhuria akika ya mtoto wa ndugu yetu. Daladala ilitufikisha Mbezi, tukashika njia ya Malamba Mawili na Kinyerezi, tukapita Gongo la Mboto, kisha tukaanza kupanda milima ya Pugu. Watoto, waliokuwa wakigombania dirisha tangu Mbezi, walinyamaza walipouona msitu.

Tulikokwenda alikuwa amechinjwa mbuzi mmoja, kama ilivyo sunna kwa mtoto wa kike. Ulipoingia wakati wa Adhuhuri, mwanangu mkubwa, anayeanza kusoma fiqhi madrasa, aliuliza kama tutapunguza swala kwa kuwa tu wasafiri. Nilimweleza kwamba mwendo kutoka Kibaha hadi Kisarawe haufikii masafa ya kupunguza. Sisi tulikuwa watembezi tu. Tukaswali rakaa nne kamili. Wakati wa kuagana, shangazi alitufungia mihogo ya kuchemsha katika jani la mgomba, akaongeza na maembe.

Tulishuka Maili Moja adhana ya Magharibi ikisikika. Kando ya kituo alikuwapo mama mmoja ameketi juu ya furushi, mtoto mchanga mgongoni na wawili wengine wamemwegemea. Alipoiona kofia yangu alinitolea salamu, kisha akauliza msikiti uko wapi. “Baba, batoto banachoka,” alisema, nami nikatambua kwa lafudhi yake kuwa ametoka Kongo.

Habari yake ilikuwa fupi. Vita vimewatoa nyumbani kwao Kivu, wamevuka Ziwa Tanganyika, na ile ilikuwa siku yao ya nne nchini. Aliambiwa kwamba wifi yake anaishi Kisarawe. Utingo aliwashusha Maili Moja akidai kuwa Kisarawe ni hapo karibu, na namba ya simu aliyopewa ilikuwa haipatikani.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Neno la kwanza lililonitoka halikuwa “karibu.” Nilimwuliza: “Una karatasi?” Yule mama aliinamisha kichwa. Mke wangu hakusema kitu. Alifungua chupa ya maji akawanywesha watoto, kisha akalikunjua lile jani la mgomba. Tulipokuwa tukiwaongoza kwenda msikitini, mwanangu alininong’oneza: “Baba, hawa ndio wasafiri?” Nikamjibu kwamba ndio.

Nimelisoma somo hili chuoni na nimelisomesha wengine. Katika Suratut Tawba, aya ya 60, Allah (s.w.) ametaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na la mwisho ni msafiri aliyeharibikiwa. Katika Suratul Hashr, aya ya 9, amewasifu Ansari wa Madina kwa kuwatanguliza Muhajirina juu ya nafsi zao hali wao wenyewe ni wahitaji. Kabla ya hapo Masahaba walikwisha kuonja ukimbizi: waliivuka bahari kwenda Uhabeshi, na mfalme Najashi, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu, akawasikiliza na kukataa kuwarudisha kwa Makuraishi. Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini pale kituoni aliyeyatenda ni mke wangu.

Baada ya Isha kamati ilikaa. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, alionya kwamba msikiti usije ukaambiwa unaficha wahamiaji. Hofu hiyo si ya kubezwa. Imamu alijibu kwamba kuficha ni jambo moja na kupokea ni jambo jingine: anayeficha huzima taa, nasi tutaiwasha. Usiku ule ule alimpigia simu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye akaja, akawaona na kuandika majina yao. Kina mama wawili wa jumuiya yetu walilala nao katika chumba cha madrasa.

Ni vyema kila familia ilijue hili. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, kwa afisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Anayemficha mgeni kwa huruma huenda akampotezea siku hizo na kumharibia haki yake. Kwa hiyo yale maswali ya karatasi yana mahali pake, ila mahali pake ni baada ya maji, chakula na salamu.

Wala sisi wa Pwani tusidhani kwamba habari hizi ni za Kigoma peke yake. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wazigua wa bonde la mto Juba, ambao mababu zao walichukuliwa kutoka huku kwetu katika karne ya 19, walirudi wakiwa wakimbizi. Waliwekwa Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo, wakasemezana Kizigua na wenyeji wao, na wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Anayebisha hodi kama mgeni huenda akawa ndugu aliyepotea.

Asubuhi tuliwasindikiza hadi kwa wahusika, na yule mama akaeleza haja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Alielezwa kwamba wakimbizi hukaa katika maeneo yaliyotengwa, kama kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kisarawe hakufika. Nilitamani tumfikishe, lakini jambo hilo halikuwa mikononi mwetu. Ndugu zetu wa Kisarawe waliulizia msikiti hadi msikiti, na kabla wageni hawajaondoka wifi alipatikana. Wakasemezana kwa simu ya mke wangu, wakalia, kisha wakacheka.

Naziomba kamati za misikiti iliyo kando ya barabara kuu zitenge fungu dogo la msafiri aliyeharibikiwa, ziwe na namba ya kiongozi wa mtaa, na ziwaandae kina mama watakaowapokea wanawake wenzao. Nanyi wazazi, mnaposafiri na watoto, fungeni chakula kinachozidi haja yenu. Wataona wenyewe kinakokwenda.

Tulipokirudia kile chumba cha madrasa, tulikikuta kimefagiwa na mikeka imekunjwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa dua ya msafiri na dua ya aliyedhulumiwa hazirudi. Yule mama alikuwa yote mawili, na wakati wa kuagana alituombea sisi.

Wabillahi tawfiiq.